Kuchagua barakoa ya kusagia chuma: kwa anayefanya kazi uwani kwake, Unguja na Pemba

Siku ya kwanza niliposaga geti zima peke yangu, hapa Fuoni, nilijifunga kanga ya mama puani, mikunjo miwili, nikajiona nimejikinga. Magharibi nikatia udhu. Nilipopandisha maji puani na kupenga, yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino wa pweza. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, bado meusi. Kanga nayo ilikuwa na doa la duara pale mbele ya mdomo, ndiyo maana mchana kutwa nilidhani inafanya kazi yake.

Ilizuia chenga kubwa, ambazo pua yenyewe ingezizuia. Vumbi la kuogopwa ni lile jembamba. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Vumbi linaloshuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu halifiki maikroni 10, na jingi lake halifiki 4. Hulioni ila mwale wa jua upenye tundu ya bati na kulimulika. Kwenye nyuzi za kanga linapita kama dagaa kwenye jarife.

Haya nayaandika kwa anayesaga nyumbani: wa magrili na mageti, wa vitanda vya chuma, anayenoa mapanga na mbuzi za nazi za mtaa mzima, anayetengeneza nanga na vyuma vya mashua. Ukiwa na haraka, soma hatua ya kujua chuma chako na hatua ya uso wako. Hizo mbili ndizo watu wanazoziruka.

Hatua ya 1: Jua unasaga nini

Usianze dukani. Anza na kile kitu kilichobanwa kwenye jiliwa.

Chuma cha kawaida kipya, kisicho na rangi, ndicho chepesi kuliko vyote. Vumbi lake ni la chuma na kutu, likichanganyika na la diski yenyewe. Wengi husahau hili la diski: ile nayo inasagika. Ni chembe ngumu za oksidi ya alumini, au za jamii yake, zilizogandishwa kwa gundi ya resini juu ya wavu wa nyuzi za kioo. Diski iliyoanza ikiwa kubwa na kumalizika ikiwa kama sahani ya kikombe, hiyo sehemu iliyopungua imekwenda hewani na sakafuni, na nyingine kwako.

Geti kuukuu lenye rangi ni habari nyingine kabisa. Sisi tunaishi na bahari. Chumvi inakula chuma, na kila baada ya miaka michache mtu anataka grili zake zikwanguliwe na kupakwa upya. Grili ya nyumba ya zamani inaweza kuwa na tabaka tano au sita za rangi, na za chini huenda zina madini ya risasi. Kuna rangi ya chungwa kali iliyokuwa ikipakwa kwanza kuzuia kutu, hiyo ni ya kuogopwa sana. Na baadhi ya rangi za manjano za zamani zilitengenezwa kwa risasi na kromiamu pamoja. Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Mimi kila rangi nisiyoijua asili yake naihesabu kuwa ina risasi. Sumu hiyo hukaa mwilini miaka, na mtoto mdogo huathirika zaidi ya mtu mzima kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Mjamzito naye asiwepo karibu.

Bomba au bati lililopakwa zinki unalitambua kwa ile rangi ya majivu yenye maua maua. Ukilichomelea, au ukilisaga mpaka likawa jekundu, zinki inageuka moshi mweupe. Anayeuvuta mwingi hurudi nyumbani mzima, na baada ya saa 4 mpaka 12 anashikwa na baridi, homa, kichwa na viungo kuuma. Anafikiri ni malaria. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Mafundi wetu huambiana wanywe maziwa kabla ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi unakwenda mapafuni. Kama homa imekuja na kifua kubana au pumzi kuwa fupi, nenda hospitali usiku huohuo na umwambie daktari ulikuwa unafanya kazi gani, na chuma gani. Asipojua hilo atapima malaria tu.

Chuma kisichoshika kutu, kile cha majiko na vishikio vya ngazi vya mahoteli ya Nungwi na Paje, kina kromiamu na nikeli ndani yake. Vumbi lake si la kufanyia mzaha hata kidogo. Moshi wa kuchomelea, wa chuma cha aina yoyote, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka mwaka 2017 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Basi anayechomelea kisha akasaga palepale asihesabu kazi mbili hizo mbalimbali. Pua ni moja.

Shaba ya manjano, kama ya misumari ya milango yetu ya Mji Mkongwe, ina zinki, na baadhi yake huchanganywa na risasi kidogo ili ichongeke vizuri. Anayezing'arisha kwa gurudumu la brashi ajikinge kama anayesaga rangi ya zamani.

Viatu vya breki vya magari ya zamani usivisage. Huenda vina asbesto, madini ya nyuzi nyuzi yanayoharibu mapafu, na hakuna sababu ya maana ya kuihatarisha roho yako kwa kiatu cha breki. Alumini, kama vifuniko vya mashine za boti, isagie mbali na ulipokuwa ukisagia chuma, ufagie kwanza: vumbi jembamba la alumini hulipuka, na likichanganyika na kutu kisha likapata cheche huwaka kwa moto mkali mno.

Na iko kazi ambayo barakoa yoyote ya filta haifai: ndani ya tangi, ndani ya ngama ya chombo, ndani ya shimo. Filta huchuja, haitengenezi hewa. Chuma kinachoota kutu ndani ya tangi lililofungwa hula oksijeni ya humo, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Vilevile jenereta. Waliokuwepo kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila umeme miezi 3, wanakumbuka kila uwani ulikuwa na jenereta linanguruma. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, na hiyo haizuiwi na barakoa ninayoieleza hapa. Umeme ukikatika, jenereta likae nje, upande unaokwenda upepo.

Hatua ya 2: Punguza vumbi kabla ya kulichuja

Kila vumbi usilolitoa ni vumbi usilohitaji kulichuja. Kipande chembamba kikate kwa msumeno wa mkono. Meno ya mbuzi ya nazi yanoe kwa tupa. Grenda huyachoma yakawa ya samawati, yakapoteza ugumu wake, na mteja akarudi kulalamika. Rangi ya zamani ikwangue ikiwa imelowa, kwa chombo cha mkono na msasa wa maji. Usipitishe brashi ya waya kavu ya grenda, kwani hakuna kitu kinachorusha rangi hewani kama hiyo. Lakini maji na grenda ya umeme havikai pamoja. Ukilowesha, fanya kwa mkono.

Tuna upepo, tuutumie. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, na kusi ikishika baadaye, mtu wa uwani anajua hewa inatoka wapi. Hapa kuna kosa ambalo nililifanya muda mrefu: nilikuwa nauweka upepo mgongoni nikidhani utalipeleka vumbi mbele. Upepo unaotoka nyuma hugawanyika ubavuni, ukaja kuzunguka mbele ya kifua, na lile vumbi likapanda mpaka usoni. Uweke upepo ubavuni, ukupite kutoka bega moja kwenda la pili. Feni nayo iweke hivyohivyo. Cheche zielekeze kwenye ndoo ya mchanga uliolowa: chenga nzito zitaishia humo. Na tazama zinakokwenda, kwa jirani kuna nguo zimeanikwa na huenda kuna kisima.

Hatua ya 3: Chagua daraja

Barakoa za kutupa za kiwango cha Ulaya, EN 149, zina madaraja matatu. Filta ya FFP1 huzuia angalau asilimia 80 ya vumbi la majaribio, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Kiwango hichohicho kinaruhusu hewa ya kuvuja kote, pamoja na pembeni mwa uso, isizidi asilimia 22, 8 na 2 kwa mfuatano huo. Za Marekani huandikwa N95, yaani asilimia 95, na P100, yaani asilimia 99.97. Herufi N ina maana haivumilii mafuta. Ukisaga chuma kinachotiririka mafuta ya kukatia, tafuta yenye P.

Barakoa ya hospitali ya samawati haimo humu. Inazuia mate ya mvaaji yasimrukie mgonjwa, na pembeni iko wazi pande zote.

Uamuzi wangu ni huu. Chuma cha kawaida, kipya, nje penye upepo, kwa muda mfupi: FFP2 au N95 inatosha. Ukiingia ndani ya banda, au ukisaga saa nyingi, au kikiwa na rangi ya zamani, zinki, kromiamu au shaba: FFP3, au barakoa ya mpira ya nusu uso yenye filta za P3, daraja la juu la filta za Ulaya, au P100. FFP1 sijaipatia kazi kwenye chuma.

Kwa anayesaga kila wiki, nusu uso ya mpira ndiyo ninayoipendekeza. Bei yake ya kwanza inauma, lakini uso wake unadumu miaka na unabadilisha filta tu. Ina saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na inakaa usoni vizuri zaidi kuliko ya karatasi iliyolowa jasho. Nunua filta zenye gamba gumu la plastiki mbele. Zile bapa za kitambaa ni nyepesi na pumzi hupita vizuri, ila cheche zikizipata huzitoboa, na tundu ya cheche moja inatosha kuiharibu filta. Kama huna za gamba, tafuta kifuniko cha kuzuia cheche kilichotengenezwa kwa ajili ya filta hiyohiyo. Usifunike kwa kitambaa.

Filta za P3 na P100 hazizuii harufu wala mvuke. Ukija kupaka rangi ya kupuliza jioni ileile, unahitaji filta ya mkaa, ile yenye mstari wa kahawia kwa kiwango cha Ulaya, pamoja na ya vumbi. P3 peke yake ina mstari mweupe. Ya Marekani ya P100 ina rangi ya zambarau iliyoiva.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au presha inayosumbua amwone daktari kwanza. Kuvuta pumzi kupitia filta ni kazi, na joto letu huizidisha. Ramadhani mimi kazi nzito ya kusaga naimaliza mapema asubuhi, kabla jua halijapanda. Barakoa, kiu na jua la saa saba haviendi pamoja.

Hatua ya 4: Soma maandishi, si jina la boksi

Kwenye mwili wa barakoa ya Ulaya lazima pawe na EN 149, daraja, na CE ikifuatwa na namba ya tarakimu 4. NR maana yake haitumiki zaidi ya kazi ya siku moja, R inaweza kurudiwa. Ya Marekani iwe na neno NIOSH, jina la taasisi yao ya usalama kazini, lililoandikwa sawasawa, na namba inayoanza na TC-84A.

Angalia mikanda pia. N95 iliyoidhinishwa ina mikanda miwili ya kuzunguka kichwa. Ukiona imeandikwa N95 na ina vitanzi vya masikio, irudishe. Mimi niliuziwa boksi zima la hizo kwenye duka moja la vifaa mjini, zimepigwa chapa vizuri hata mwangaza wa taa ukang'aa juu yake, na nilizitumia miezi miwili kabla ya kugeuza moja na kuitazama.

Hatua ya 5: Uso wako

Hewa hupita palipo pepesi. Filta ni njia nzito, na pengo dogo kando ya pua ni njia nyepesi, basi pumzi itapita kwenye pengo na vumbi lote pamoja nayo.

Barakoa ya kutupa ivae hivi. Ishike kiganjani, mikanda ining'inie. Iweke chini ya kidevu kwanza, kisha puani. Mkanda wa juu uende utosini, wa chini kisogoni chini ya masikio, wala isipishane. Kisha chuma cha puani kibonyeze kwa vidole vya mikono miwili, ukitoka katikati kwenda pembeni. Ukikibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja kinaota kona, na kona hiyo ni mfereji.

Ijaribu kila unapovaa. Ziba filta kwa viganja bila kuisukuma, vuta pumzi polepole: barakoa iingie ndani kidogo na ibaki hivyo. Kisha ziba tundu ya kutolea pumzi, toa hewa taratibu: usisikie upepo machoni wala mashavuni. Geuza kichwa kushoto na kulia, inama kama unavyoinama kazini, hesabu kwa sauti mpaka 20. Ikihama, saizi si yako, hata kama muuzaji anasema inamfaa kila mtu.

Uso wenyewe unatoa ushahidi jioni. Nenda kwenye kioo kabla ya kunawa. Mahali barakoa ilipokaa pawe safi, na mpaka wake uwe mstari mmoja mkali. Ukiona ulimi mweusi umeingia ndani ya mpaka, pembeni mwa pua au chini ya kidevu, pale ndipo ilipovuja. Siku moja nilikuta weusi chini ya kidevu, mahali ambapo sikuwa na pengo lolote. Nikaifungua barakoa ya mpira. Kile kigozi chembamba cha kutolea pumzi, mviringo mdogo kama sarafu, kilikuwa kimejikunja ukingo mmoja kama jani la mkungu lililokaa juani. Nilikuwa nimezoea kuiacha juu ya bati la banda. Kila nilipovuta pumzi, hewa ya banda ilikuwa ikiingia hapo bila kuchujwa, na sijui ilikuwa kwa wiki ngapi.

Sasa suala la ndevu. Barakoa inayobana uso inahitaji ngozi isiyo na nywele pale inapogusa. Hata ndevu za siku mbili zinatosha kufungua njia. Sikwambii unyoe, hilo ni baina yako na dini yako. Nakwambia kwamba mwenye ndevu aliyevaa FFP3 hapati kinga ya FFP3, na ni bora ajue. Kinachomfaa ni kofia yenye feni na betri, inayosukuma hewa iliyochujwa ndani ya kitambaa au kioo kinachofunika kichwa, isiyohitaji kubana mashavu; hakikisha ulichoagiza ni cha aina hiyo isiyobana. Ni ghali, na kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam au Dubai. Mafundi wawili au watatu wanaweza kuchangiana moja. Mpaka ipatikane, kazi chafu zaidi, hasa ya rangi ya zamani, aifanye mwenzako asiye na ndevu, wewe shika kupima na kukata kwa mkono.

Mtandio, kofia na kilemba visikae baina ya barakoa na ngozi. Mikanda ipite chini ya mtandio, na mtandio wenyewe uchomekwe vizuri ndani ya nguo, kwani diski ikinasa ncha yake haiachii. Ukimaliza barakoa ndipo uvae miwani na ngao ya uso. Ijaribu ngao dukani ukiwa na barakoa ya mpira. Filta za pembeni huigonga mara nyingi.

Hatua ya 6: Kuvua

Grenda ikizimwa, usivue. Chenga nzito zimeshaanguka, lakini lile vumbi jembamba kwenye banda lisilo na upepo hubaki hewani saa nzima na zaidi. Toka nje ukiwa umeivaa, pigwa na upepo kidogo, ndipo uvue kwa kushika mikanda. Sakafu ipige kwa tambara la maji. Usifagie kikavu, na usijipulize nguo kwa kompresa.

Hatua ya 7: Kuitunza

Filta haioshwi. Nyingi hukamata vumbi kwa chaji ya umeme iliyo kwenye nyuzi zake, na maji ya sabuni au spiriti huiondoa chaji hiyo. Utabaki na kitu kinachofanana na filta. Badilisha pumzi ikianza kuwa nzito, filta ikilowa, ikipasuka au ikiungua. Uso wa mpira ndio unaooshwa, filta zikiwa zimetolewa, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na ukaushwe kivulini. Kila Ijumaa navitazama vigozi vyake kimoja kimoja kwenye mwanga. Kisha naiweka ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, mbali na jua na mbali na benchi, kwa sababu barakoa iliyoning'inizwa msumarini bandani hujaa vumbi upande wa ndani.

Nguo za kazi hazivuki kizingiti cha nyumba yangu. Navulia kwenye banda la kuogea uwani, zinafuliwa kwenye beseni lake, mbali na nguo za watoto. Naoga kichwa mpaka miguu, kisha ndipo mdogo wangu wa mwisho, ambaye hunisubiri mlangoni tangu akisikia grenda imenyamaza, napomnyanyua.